Mikono Juu! Makauboi wa Utoto Wetu na Kaburi la Brompton



Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, wanaotayarisha jarida letu huwaomba wazee waandike jambo la kukumbukwa. Safari hii nimeombwa niandike juu ya mashujaa wa utoto wetu. Najua walitegemea nianze na Mtwa Mkwawa, au Kinjekitile Ngwale, au Mwalimu Nyerere. Hao nitawafikia. Lakini mtu mzima haongopi mbele ya watoto. Shujaa wangu wa kwanza hakuwa hata mmoja wao. Alikuwa Mzungu mwenye kofia ya pama na macho ya buluu, aliyekuwa akiburuta jeneza kwenye matope. Jina lake Django, nasi tulimwita Jango.

Niwaeleze ilikuwaje, kisha niwaeleze jinsi kaburi moja hapa London lilivyonifanya niitazame upya picha ile.

Stelingi hafi

Nilikua Dar es Salaam, mtaa wa Ilala. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 nilikuwa na miaka minne, kwa hiyo nakumbuka ngoma na pilau, si hotuba. Televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar ndio waliotutangulia, wakapata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Sisi tulikuwa na sinema: Empire, Empress, Avalon, Odeon na nyinginezo. Mwaka 1966 ikaja ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari, Drive-In ya Msasani. Mwenyeji wa Dar leo ukimwambia "pale Drive-In" atakuonyesha ubalozi wa Marekani, maana umejengwa hapo hapo. Huwa nacheka peke yangu nikipita. Wamarekani tuliwajua pale kabla hawajahamia.

Siku yetu ilikuwa Jumapili mchana. Ukiwa na senti za kiingilio unaingia, usipokuwa nazo unasubiri nje uhadithiwe. Aliyeingia alikuwa na wajibu wa kusimulia picha yote, milio ya risasi ikiwemo, na akisahau kipande anazomewa. Nadhani nusu ya picha ninazosema nimeziona, kwa kweli nilisimuliwa.

Picha za kauboi zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na za Wamarekani, zenye John Wayne na wenzake. Halafu katikati ya miaka ya 1960 zikaja za Waitalia, zilizopigwa Ulaya kwenyewe, nyingi huko Hispania kwenye jangwa la Almería. Hizo ndizo zilizotuvuruga akili. Giuliano Gemma alikuwa Ringo. Franco Nero alikuwa Django, katika picha ya mwaka 1966 iliyoongozwa na Sergio Corbucci. Vijana wa mtaani walijiita Jango na Ringo, na wengine wamezeeka na majina hayo hadi leo. Na niwachekeshe kidogo: picha hiyo tuliyoitazama sisi watoto wa Ilala, Waingereza walinyimwa. Bodi yao ya kukagua filamu ilikataa kuipitisha mpaka mwaka 1993, kwa sababu ya ukatili uliomo.

Kwa nini tulimpenda? Si kwa sababu ya Marekani. Wengi wetu hatukujua Texas iko wapi. Tulimpenda kwa sababu alikuja kwa miguu, hana farasi, viatu vimejaa tope, na mji mzima unamwogopa tajiri mmoja mwenye jeshi lake. Wanamvunja mikono ili asiweze tena kushika bastola, na bado anawashinda. Mtoto ambaye baba yake anabeba mizigo bandarini anamwelewa mtu wa namna hiyo bila tafsiri. Katika lugha ya sinema aliitwa stelingi, na sheria ilikuwa moja tu duniani: stelingi hafi.

Swali la Bibi

Tukitoka sinema, tunacheza. Farasi ni fimbo, bastola ni kipande cha mti, kofia ni ya baba, na ukikamatwa nayo utaeleza. "Mikono juu!" ndiyo salamu. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nani amekufa. "Umekufa wewe!" "Sijafa, mimi stelingi!" Kila mtu alikuwa stelingi, kwa hiyo mchezo haukwenda, mpaka tulipopata dawa: wadogo na wageni wawe Wahindi Wekundu.

Jina hilo lilitutatiza, maana Wahindi tuliowajua sisi walikuwa na maduka Uhindini na hawakuwa wekundu. Baadaye shuleni tulifundishwa kwamba ni kosa la Columbus, aliyefika Amerika mwaka 1492 akadhani amefika India. Sisi tuliyajua manyoya tu. Katika picha za Wamarekani walitokea mlimani wakipiga kelele, wanapigwa risasi, wanaanguka kutoka kwenye farasi, na sinema nzima inapiga makofi.

Binamu yangu alikuwa ametoka Iringa, amekuja kukaa kwetu asome. Alikuwa mdogo, tena mgeni, basi kila siku yeye ndiye Mhindi Mwekundu. Tulimpaka chokaa usoni, tukamchomeka manyoya ya kuku kichwani, tukampiga risasi. Alikuwa anakufa vizuri sana. Siku moja akakataa kufa. Tukamfukuza mchezoni.

Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kalenga. Hakujua mwaka aliozaliwa, ila alituambia kwamba mama yake alimkimbiza akiwa mgongoni, Wajerumani walipoibomoa ngome ya Mkwawa. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Akaniita.

"Hawa wenye manyoya, wamefanya kosa gani?"

Nikamwambia ni maadui, Bibi.

"Na hiyo nchi wanayopigania, ni kwao au ni kwa hao wenye farasi?"

Nikafikiri. Nikasema ni kwao.

"Basi mbona mnamshangilia mgeni?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kucheza. Lakini swali hilo nimesafiri nalo.

London, na mtoto anayekufa kila siku

Nilifika London mwaka 1974 kwa mjomba wangu. Nilipata kazi kwenye ghala, nikiwa Mwafrika peke yangu zamu ya usiku. Baridi mnaijua, upweke mnaujua, sina haja ya kueleza. Wenzangu hawakuwa watu wabaya, ila hatukuwa na la kuzungumza. Mpira wao sikuufahamu, na habari zangu hawakuzifahamu. Kilichofungua mdomo ni kauboi. Wao walikuwa wamekua na televisheni iliyojaa makauboi: The Lone Ranger na kinyago chake cheusi, Bonanza yenye baba na wanawe watatu, The Virginian, The High Chaparral, na Gunsmoke, ambayo hapa Uingereza iliitwa Gun Law. Walishangaa kwamba mtu wa Dar es Salaam anamjua John Wayne. Mimi nilishangaa kwamba hawamjui Django. Nikawasimulia picha nzima, milio ya risasi ikiwemo, kama tulivyokuwa tukifanya nje ya sinema. Tangu usiku ule nilikuwa mtu, nina jina. Kwa hiyo sitamtukana kauboi. Alinipokea London kabla London haijanipokea.

Mambo yaligeuka mwaka 1986. Mwanangu alikuwa na miaka saba. Alirudi kutoka shule akakaa mezani bila kula. Mama yake akamwuliza kulikoni. Akasema kwamba uwanjani wanacheza makauboi, na yeye ndiye Mhindi Mwekundu. Nikamwambia, basi kesho uwe wewe kauboi. Akasema hawamkubalii. Wamemwambia kauboi mweusi hayuko. Akaniuliza, "Baba, kwa nini kila siku ni mimi ninayekufa?"

Nilimkumbuka binamu yangu na chokaa yake usoni. Yale tuliyomfanyia mtoto wa Iringa yalikuwa yamepanda ndege na kunifuata.

Kauboi wa kweli

Kesho yake niliingia maktaba ya mtaa. Haya ndiyo niliyoyakuta, na ninayaandika hapa ili mtoto wenu akiulizwa awe na jibu.

Kauboi maana yake ni mchunga ng'ombe, hakuna zaidi. Kazi hiyo Wamarekani walijifunza kutoka kwa wachungaji wa Mexico, ambao walikuwa wakitupa kamba na kupanda farasi muda mrefu kabla yao. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, ng'ombe walikuwa wengi Texas na walaji walikuwa wengi kaskazini. Ikawa lazima kuwaswaga ng'ombe mamia ya maili mpaka stesheni za reli huko Kansas, kama ule wa Abilene, uliofunguliwa kwa biashara hiyo mwaka 1867. Mchungaji alilipwa kiasi cha dola moja kwa siku, akala maharage na vumbi. Mwaka 1874 ikapatikana hataza ya waya wa miba, mashamba yakazungushiwa ua, reli zikasogea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1880 kazi ile ilikuwa imekwisha. Miaka kama ishirini na mitano tu. Sinema zimeifanya ionekane kama miaka mia tano.

Na wachungaji wale walikuwa akina nani? Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, akawa kauboi, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha maisha yake. Bill Pickett alikuwa bingwa wa kumwangusha ng'ombe dume kwa kumshika pembe. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, na mwaka 1875 akawa afisa wa serikali wa kukamata wahalifu. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na zaidi, na husemwa kwamba aliwakamata watu zaidi ya 3,000.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu: kauboi mweusi yuko, na wajomba zako wa Iringa na Usukumani wanaoswaga ng'ombe ni makauboi kuliko John Wayne, aliyekuwa mwigizaji. Alifurahi. Akaenda shule na majina yake matatu, na nafasi ya ukauboi akaipata.

Nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa nimejibu swali la mtoto, na la Bibi bado. Mwanangu alikuwa amehama upande tu. Kulikuwa na mtoto mwingine uwanjani pale sasa, aliyepakwa chokaa.

Kaburi karibu na uwanja wa Chelsea

Mwaka 1997 gazeti lilileta habari iliyonifanya nikae chini. Mwili wa chifu wa Walakota uliokuwa umezikwa London miaka mia moja na mitano ulikuwa unafukuliwa ili urudishwe kwao.

Historia yake ni hii. William Cody, aliyejulikana kama Buffalo Bill, alikuwa mwindaji na mpelelezi wa jeshi aliyegundua kwamba vita vinalipa zaidi vikiigizwa. Alianzisha onyesho kubwa la makauboi na Wahindi Wekundu. Mwaka 1887 alilileta Earl's Court, hapa hapa London, likiwa na watu wa asili wa Amerika karibu mia moja, farasi na nyati wa kwao. Malkia Victoria alikwenda kulitazama tarehe 11 Mei mwaka huo. Kwa hiyo msidhani kauboi aliletwa Uingereza na televisheni. Aliletwa na meli, akiwa hai, na pamoja naye waliletwa watu halisi waliopigana vita hivyo, wakilipwa ili washindwe kila jioni mbele ya watazamaji.

Kwa nini walikubali? Kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula. Mkataba wa mwaka 1868 uliwaachia Walakota milima yao mitakatifu, Black Hills. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana humo, na mkataba ukawa karatasi tu. Walipigana. Tarehe 25 Juni 1876 walimshinda Custer na kikosi chake penye mto Little Bighorn. Lakini nyati walimalizwa kwa bunduki, watu wakafungiwa kwenye maeneo ya kugawiwa posho. Kuigiza kwa Buffalo Bill ilikuwa njia ya kula, na ya kutoka nje ya boma. Ni nani miongoni mwetu asiyeelewa mtu anayevuka bahari kwa sababu hiyo?

Mmoja wao aliitwa Long Wolf. Alikuja na onyesho la mwaka 1892, akaugua homa ya mapafu, akafa hapa mwezi Juni, akiwa na miaka karibu sitini. Alizikwa makaburi ya Brompton. Katika kaburi hilo hilo alizikwa mtoto mchanga wa kike, White Star, aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye farasi. Juu ya jiwe wakachora mbwamwitu. Onyesho likaondoka. Yeye akabaki katikati ya majenerali wa Kiingereza, na baadaye makelele ya uwanja wa mpira wa Chelsea ulio jirani.

Wajukuu wake huko Dakota Kusini walijua kwamba mzee alikwenda Ulaya hakurudi, lakini hawakujua amelala wapi. Mwanamke mmoja wa Kiingereza alisoma habari za kaburi hilo katika kitabu cha zamani alichonunua sokoni. Akaandika barua, akaulizia, mpaka akaipata familia. Mwezi Septemba 1997 Long Wolf na White Star walitolewa Brompton wakapelekwa nyumbani, Pine Ridge, wakazikwa kwa ngoma na maombi yao.

Nilimchukua mwanangu, wakati huo kijana wa miaka kumi na minane, tukashuka stesheni ya West Brompton, tukaingia makaburini. Hatukuzungumza sana. Ndugu zangu, mnajua simu ya usiku inavyolia ikisema "tumepata msiba". Mnajua tunavyokaa hapa jumuiyani na daftari, huyu ametoa hiki, yule ametoa kile, ili mwenzetu asilale ugenini. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jumuiya hii, kabla ya sherehe na kabla ya jarida. Nilisimama pale nikafikiria mtu aliyesubiri mchango wake miaka mia moja na mitano.

Na pale nikamjibu Bibi. Tulimshangilia mgeni kwa sababu picha ilipigwa kutoka upande wake. Kamera iliwekwa nyuma ya bega la kauboi, nasi tukakaa hapo hapo ilipowekwa.

Miaka ile ile

Tazameni tarehe, maana ndizo zilizonifungua macho. Buffalo Bill anamchekesha Malkia mwaka 1887. Mwaka wa pili yake pwani yetu ilikuwa inawaka moto: Abushiri bin Salim wa Pangani aliongoza vita dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Walimnyonga tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 15 Desemba 1890, chifu Sitting Bull wa Walakota aliuawa wakati polisi wakimkamata. Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Desemba, jeshi la Marekani liliwaua Walakota zaidi ya mia mbili na hamsini huko Wounded Knee, wengi wao wanawake na watoto.

Mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani Lugalo na kukimaliza, kamanda wao Zelewski akafa hapo. Hiyo ndiyo Little Bighorn yetu. Na kama ilivyokuwa kule, ushindi ule ulilipiziwa. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikabomolewa, na mama wa Bibi akakimbia na mtoto mgongoni.

Walakota walivaa mashati waliyoamini kwamba hayapenywi na risasi. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1905, watu wa kusini mwa nchi yetu walikunywa maji ya Kinjekitile wa Ngarambe wakiamini risasi itageuka maji. Hawakujuana, hawakuandikiana barua. Lakini watu waliobanwa pembeni na bunduki hufikia tumaini moja. Vita vya Maji Maji viliua watu wetu kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, na wapo wanahistoria wanaofikisha laki mbili na zaidi.

Kwa hiyo, sisi watoto wa Ilala tuliopiga makofi Jumapili mchana, tulikuwa tukishangilia kuanguka kwa babu zetu. Hatukuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amepiga picha ya Lugalo.

Lakini mambo yalikuwa yakibadilika hata wakati ule. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake Kinjeketile, tukaisoma shuleni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona stelingi aliye wa kwetu, na ajabu yake stelingi huyo anakufa. Nilikasirika. Mwalimu akasema, "Anakufa yeye, watu wanabaki. Ndiyo maana uko hapa unasoma."

Uhuru si stelingi mmoja

Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wahehe hawakunyamaza, na madai yao yaliingia hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ikachukua miaka mingine thelathini na mitano. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lililoletwa kutoka makumbusho ya Bremen lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baada ya Uhuru alikuwa Spika wa Bunge letu. Bibi alikuwepo siku hiyo. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa Dar es Salaam.

Na TANU haikuwa picha ya kauboi. Mwalimu alipokwenda Umoja wa Mataifa New York mwaka 1955, nauli yake ilichangwa. Bibi Titi Mohamed alikwenda nyumba kwa nyumba kuwakusanya wanawake, na wanawake hao wakajaza mikutano. Walikuwepo waliotoa senti, waliopika, waliobeba barua. Majina yao hayamo katika kitabu chochote. Hakuja mtu mmoja na bastola akaukomboa mji, kisha akaondoka peke yake jua likizama. Walikuja wengi, na walibaki.

Binamu yangu alifariki Iringa miaka michache iliyopita, mwalimu mstaafu. Katika simu yetu ya mwisho nilimwomba radhi kwa ile chokaa. Alicheka sana. Akasema, "Kaka, unakumbuka siku niliyokataa kufa? Bibi alinipa kitumbua."

Sasa nina mjukuu wa miaka sita, anayetazama kila kitu kwenye simu. Juzi nilimkuta anatazama picha ya zamani ya makauboi. Nikakaa naye, kwa sababu farasi bado nawapenda, na Django bado nampenda, siwafichi. Wakatokea wenye manyoya mlimani. Akaniuliza, "Babu, hawa ni wabaya?"

Nikamwambia, kwanza tuulize hapo ni kwa nani.

Wazazi wenzangu, msiwanyang'anye watoto picha zao. Kaeni nao mtazame pamoja, na swali la Bibi liwe karibu. Na vijana, siku mkiwa na nafasi shukeni West Brompton. Jiwe lenye mbwamwitu liliachwa, mwenye kaburi amekwenda nyumbani.

Nawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Uhuru.